Wasifu Bila Kujisifu: Namna ya Kujieleza katika Tovuti ya Biashara

Mzee mmoja wa hapa Tanga, wakala wa forodha aliyeshinda bandarini karibu maisha yake yote ya utu uzima, alinijia Ngamiani akiwa na bahasha ya nakala za vyeti, akaiweka mezani na kusema: "Mwanangu, vijana wamenitengenezea tovuti, sasa wanataka maelezo yangu. Andika wewe, mimi kujisifu siwezi." Ndani ya bahasha mlikuwa na leseni za miaka kadhaa, cheti cha kozi ya forodha, na karatasi iliyoandikwa na mmoja wa vijana hao: "Fulani bin Fulani ni mtaalamu mchapakazi, mbunifu na mwenye uzoefu mkubwa katika sekta ya usafirishaji. Anajituma, anajali wateja na ana uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote." Mzee alikuwa ameisoma mara moja akaikunja. Hakukosea kuikunja, kwa sababu maneno yale yangemfaa kwa kipimo kilekile mchuuzi wa samaki wa Deep Sea, fundi cherehani wa Barabara ya 12 na meneja wa kiwanda.

Haya ya yule mzee ina mizizi. Sisi wa pwani tumelelewa na methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anayejinadi mwenyewe tunamtilia shaka kabla hajamaliza sentensi ya pili. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba chema kimewekwa mahali ambapo mnunuzi anakiona, anakishika na kukigeuza. Mwenye shehena aliyeko Arusha au Kampala haioni kazi ya wakala wa Tanga. Anachokiona ni ukurasa kwenye simu, na kama ukurasa huo hausemi lolote la maana kuhusu mtu atakayekabidhiwa nyaraka zake, atafungua ukurasa wa mwingine. Kwa hiyo swali si kama mtu ajieleze au asijieleze, bali ajieleze kwa namna gani ili asiingie katika kundi la wanaojitembeza.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Wasifu kwa Kiswahili ni kitabu kizima kinachosimulia maisha ya mtu, ni karatasi ya kuombea kazi yenye orodha ya shule na waajiri, na pia ni aya chache zinazowekwa katika tovuti chini ya picha ya mwenye biashara. Watu wengi wanaoombwa hizi aya chache huandika mojawapo ya vile viwili vya kwanza: huanzia kijiji walichozaliwa na idadi ya ndugu zao, au hunakili karatasi ya kuombea kazi pamoja na shule ya msingi. Zaidi ya hapo, wasifu ni ndugu wa neno sifa, na sifa ina nyuso mbili. Tangazo la kazi linaposema "sifa za mwombaji", linataka mambo yanayoweza kuthibitishwa: elimu, leseni, miaka kazini. Tunaposema fulani anapenda sifa, tunazungumzia kitu kingine kabisa. Wasifu wa biashara unahitaji sifa za aina ya kwanza, na unaharibika pale mwandishi anapoteleza kuingia katika zile za aina ya pili bila kujitambua. Mchapakazi, mbunifu, mahiri, mwenye kujituma: hizo zote ni sifa ambazo mtu hupewa na wenzake. Akijipa mwenyewe hazina thamani, kama vile mtu asivyoweza kujiitikia salamu.

Msomaji wa wasifu naye anapaswa kueleweka. Tanga yetu inajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo, na sijapata maneno yanayomweleza vizuri zaidi mtu anayefungua tovuti ya biashara. Hakuja kukaa. Ana mzigo, ana nyumba ya kujengwa, ana hesabu za kukaguliwa au wageni wa kupeleka Mapango ya Amboni, na anataka kujua upesi kama mtu huyu anafanya kazi anayoihitaji, na kama anaweza kumwamini. Tangu ulipoanza ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi hapa Chongoleani, nimekutana na wafanyabiashara kadhaa waliopigiwa simu na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga. Mpigaji wa namna hiyo hana jirani wa kumuuliza. Jirani yake ni ule ukurasa.

Ndiyo maana sentensi ya kwanza hubeba uzito kuliko zote zinazofuata. Iwe na jina, kazi kwa neno linalotumika na wateja, mahali, na ikiwezekana aina ya watu wanaohudumiwa. Inasikika rahisi mno, hata hivyo ndiyo inayokosekana mara nyingi. Niliwahi kusoma ukurasa wa mfanyabiashara wa nyuzi za mkonge ulioanzia mwaka 1893, Dkt. Richard Hindorf alipoagiza miche ya mkonge kutoka Florida ikapitia Hamburg na kufika huku ikiwa imesalia 62 tu. Simulizi ni tamu na kila mtoto wa Tanga anastahili kuijua. Lakini mwenye biashara mwenyewe alijitokeza katika aya ya nne, na mpaka mwisho sikujua kama anauza nyuzi, kamba au magunia. Historia ya mkoa inaweza kupata nafasi yake mahali pengine katika tovuti. Katika wasifu, msomaji hapaswi kuvuka bahari na karne kabla ya kuambiwa anazungumza na nani.

Baada ya sentensi ya kwanza linakuja jambo gumu kuliko mengine, nalo ni ushahidi. Nilimuuliza mzee wa forodha ana uzoefu gani, akanijibu "mkubwa", jibu ambalo kila mtu hutoa. Nikabadilisha swali: "Ni kitu gani ulichokifanya, mzee wangu, ambacho kijana anayeanza leo hawezi kukifanya kwa kuwa hakipo tena?" Hapo alinyamaza, akacheka, kisha akaanza kusimulia habari za matishari. Kabla bandari ya Tanga haijaongezwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13 na gati kupanuliwa, meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari, na matishari ndiyo yanayouleta gatini. "Mzigo ukishuka kwenye tishari," alisema, "ndipo hesabu inapoanza kupotea. Mimi nilikuwa nahesabu mara mbili, kule melini na huku gatini. Mpaka leo nahesabu mara mbili, vijana wananicheka."

Nilimwambia kwamba wasifu wake umekwisha patikana. Neno "uzoefu mkubwa" linaweza kuandikwa na yeyote, hata aliyeanza mwezi uliopita. Habari ya kuhesabu mara mbili inaweza kuandikwa na yeye tu na wachache wa rika lake, na ndani yake mna yote ambayo yale maneno mazuri yalikuwa yakijaribu kuyasema bila mafanikio: kwamba ni mwangalifu, kwamba ni mwaminifu, kwamba yuko kazini kwa muda mrefu na kwamba mzigo wa mteja hautapungua njiani. Hakujisifu hata kidogo. Ameeleza alichokuwa akikifanya siku za kazi, na msomaji atajitolea hukumu mwenyewe, jambo ambalo msomaji hulifurahia zaidi kuliko kuhukumiwa kwa niaba yake.

Njia hii inafanya kazi katika biashara nyingine nyingi, ila si kila mtu ana tishari. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kusema ana vyumba vingapi na kwamba chai ya asubuhi hutolewa kuanzia saa 12 kwa ajili ya wanaowahi basi. Mfugaji wa Muheza anayeuza maziwa anaweza kusema ana ng'ombe wangapi na maziwa yanapelekwa wapi baada ya kukamuliwa. Fundi wa milango ya nakshi anaweza kusema anatumia mbao gani, alijifunza kwa nani na mlango mmoja humchukua muda gani. Nambari ndogo iliyo ya kweli ina nguvu kuliko neno kubwa. "Nimekwisha chonga milango 40" ni sentensi ya mtu anayejua anachokifanya, wakati "mamia ya wateja walioridhika" ni sentensi ambayo hakuna aliyewahi kuiamini, na nina hakika hata anayeiandika haiamini.

Kuhusu vyeti na vyeo, tahadhari inahitajika zaidi kuliko zamani. Aprili 2017 serikali ilipotangaza orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, Watanzania tulijifunza kumuuliza mtu cheti chake bila kuona aibu, na mazoea hayo hayajaondoka. Kwa hiyo cheo chochote kinachotajwa katika wasifu kiwe ni kile ambacho msomaji akikifuatilia atakikuta. Wakala wa forodha ataje kwamba ana leseni ya TRA, leseni ambayo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mkandarasi ataje daraja lake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa kuwa kati ya daraja la kwanza na la saba pana tofauti ya ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kuichukua, na mteja makini analijua hilo. Mhandisi asajiliwe kwanza na bodi yake ndipo aweke cheo hicho mbele ya jina. Mhasibu mwenye CPA(T) aiandike hivyohivyo, kwa sababu wenye kazi zao wanaitambua. Mawakili wao wana mpaka wa ziada, kwani kanuni za maadili yao zinabana kujinadi, hivyo wasifu wa wakili ubaki na elimu, mwaka wa kuapishwa na aina ya mashauri, bila majigambo ya kesi alizoshinda. Shahada za heshima ni heshima kweli, lakini kumwita mtu Daktari katika tovuti ya biashara kwa shahada ya namna hiyo ni kumwomba msomaji aulize maswali ambayo biashara haikuwa na haja nayo. Semina za siku mbili ziachwe. Najua zinauma kuziacha, hasa zile zilizotolewa vyeti vyenye fremu.

Lipo pia swali la nafsi, ambalo huzusha mabishano kila ninapokaa na mteja: aandike "mimi" au "yeye"? Kampuni yenye watu watano waliopangwa kwa picha zao hufanya vizuri kutumia nafsi ya tatu kwa wote, ili pasitokee mmoja anayezungumza na wengine wanaosemewa. Fundi anayefanya kazi peke yake, au mwalimu wa muziki, au mama anayepika kwa oda, anaonekana wa ajabu kidogo akijiita "yeye" katika ukurasa ambao kila mtu anajua kaandika mwenyewe, na kwake "mimi" ina joto la mlangoni. Kosa ni kuchanganya, yaani kuanza na "Bi. Fulani ni" kisha katikati ya aya kuruka kwenda "nilianza". Nafsi ya tatu ya Kiswahili ina upungufu mmoja ambao waandishi husahau: haisemi kama anayezungumziwa ni mwanamke au mwanamume. "Anakagua hesabu" haimwambii mteja wa mbali kama atakapopiga simu aseme "dada", "kaka", "mama" au "mzee", na kwetu kumkosea mtu katika salamu ni kuanza vibaya. Ile Bi. au Bw. mbele ya jina, ambayo wengine huiona mapambo, inamwokoa mteja na fedheha hiyo. Mwalimu, Fundi, Nahodha na Alhaji navyo vinafaa, mradi mhusika huitwa hivyo na watu wa mtaani kwake.

Tovuti nyingi za hapa huwa na Kiswahili na Kiingereza, na wenye biashara hudhani kazi ni kuandika mara moja kisha kutafsiri. Sikubaliani nao. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa ofisi iko Chumbageni ameshapata picha, naye msomaji wa ng'ambo anahitaji kuambiwa ni umbali gani kutoka bandarini. Msomaji wa Kiswahili anaijua TRA, na yule mwingine anahitaji kuelezwa kwamba ni mamlaka ya mapato ya nchi. Kila moja iandikwe upya kwa ajili ya msomaji wake, kwa ukweli uleule.

Urefu hauna haja ya maneno mengi. Aya moja au mbili, maneno kati ya 60 na 150, zinamtosha mfanyabiashara wa kawaida. Inafaa kuwa na toleo fupi zaidi la sentensi moja, kwa sababu Google huonyesha chini ya jina la ukurasa maelezo mafupi tu, kwa kawaida yasiyozidi herufi 160 hivi, na kiungo kikitumwa kwa WhatsApp nacho huonyesha kipande kidogo. Kama kipande hicho kinasema "Karibu katika tovuti yetu", nafasi imepotea. Kikisema "Wakala wa forodha mwenye leseni, Bandari ya Tanga", mwenye mzigo atafungua.

Picha iwe ya uso unaoonekana, katika mwanga wa asubuhi, na mahali pa kazi ikiwezekana. Ile ya harusini iliyokatwa bega la mwenzako kila mtu huitambua. Lakini wenye biashara wawe waangalifu na taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu hata wenye tovuti ndogo: picha na maelezo ya mfanyakazi yasiwekwe bila ridhaa yake, na anapoacha kazi yaondolewe. Tarehe kamili ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, jina la mtaa unaoishi na majina ya watoto hayamsaidii mteja kwa lolote, ila yanamsaidia sana tapeli. Weka simu ya biashara, acha ile ya nyumbani.

Kwa mzee wa forodha tulimaliza na maneno haya: "Bw. Fulani bin Fulani ni wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA, anayetoa mizigo katika Bandari ya Tanga kwa niaba ya waagizaji wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha. Alianza kazi hii mwaka 1994, wakati mizigo ikiletwa gatini kwa matishari, na tangu wakati huo huhesabu kila shehena mara mbili. Anashughulikia zaidi vipuri vya mitambo, bidhaa za viwandani na magari. Nyaraka huzikagua mwenyewe kabla meli haijafika, na mteja hupewa makadirio ya gharama kwa maandishi." Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari kwenye kioo cha simu, akafika kwenye matishari akasimama. "Hii ndiyo mimi," alisema, kisha akauliza kama kuhesabu mara mbili ni jambo la kuwaambia watu.

Mwaka 1994 umeandikwa kama mwaka kwa sababu ya kosa langu la zamani. Niliwahi kumwandikia mama mmoja mwenye duka la viungo kwamba ana "uzoefu wa miaka 12" na kwamba "hivi karibuni amefungua tawi Muheza". Baada ya miaka minne alinipigia simu. "Kaka, wateja wananiuliza tawi la Muheza, nami Muheza nimefunga mwaka juzi." Nilipofungua ukurasa nilikuta bado ana miaka 12 ya uzoefu, na hivi karibuni yangu ilikuwa imezeeka. Tangu hapo sihesabu miaka ya mtu kwa niaba yake, nataja mwaka alioanza, na maneno kama sasa, karibuni na mwaka huu nayaogopa.

Wasifu unahitaji siku yake ya kusomwa upya, na siku nzuri ni ile ambayo kuna jambo jingine linalomlazimu mtu kushika nyaraka zake. Yule mzee hupitia kwangu kila Januari akiwa na leseni mpya katika bahasha ileile. Januari iliyopita tulifuta neno moja tu, magari, kwa kuwa kazi ya magari ameikabidhi kwa kijana wake, na kijana huyo sasa ana aya zake mwenyewe chini ya zile za baba.